Namna ya Kuipiga Picha Nyotamkia Ukiwa Nyumbani

Oktoba 2024 makundi ya WhatsApp yalijaa picha za nyotamkia yenye mkia mrefu mweupe, na ofisini tukawa tunaulizwa swali lilelile: darubini ya kupigia picha hiyo inauzwa bei gani? Jibu letu liliwashangaza wengi. Picha nyingi kati ya zile zilipigwa kwa kamera za kawaida, nyingine kwa simu, na watu waliokuwa juu ya paa, uani au ufukweni. Kazi ya darubini ni kukuza, na nyotamkia angavu haina haja ya kukuzwa. Mkia wake unaweza kutanda nyuzi 10 na zaidi angani, upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono. Lenzi ya milimita 50 inaupata wote na nafasi inabaki.

Nyotamkia hiyo inaitwa Tsuchinshan-ATLAS, kwa majina ya walioigundua mapema 2023: kituo cha anga cha Zijinshan nchini China (Tsuchinshan ni tahajia ya zamani ya jina hilo), na darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ya ATLAS, mradi wa kusaka miamba ya angani inayoweza kuigonga Dunia. Ilipita karibu kabisa na Jua tarehe 27 Septemba 2024, kisha tarehe 12 Oktoba ikawa kilomita milioni 70 hivi kutoka duniani. Kwetu ilikuja kwa awamu mbili. Mwishoni mwa Septemba na siku za kwanza za Oktoba ilionekana mashariki kabla ya mapambazuko. Ikapotea kwenye mwanga wa Jua, halafu katikati ya Oktoba ikaibukia upande wa magharibi baada ya Jua kuzama, si mbali na Zuhura.

Ndiyo maana mahali pa kusimama pana uzito kuliko bei ya kamera. Aliyeko Tanga au Mombasa alfajiri ana bahari tupu mbele yake, lakini jioni anatazama majengo na taa za mji. Wa Musoma anapata Ziwa Victoria jioni, na Unguja aliyeko Forodhani vilevile anatazama machweo juu ya maji. Huku karibu na Ikweta Jua huchomoza na kuzama karibu wima, kwa hiyo giza na mwanga hupishana haraka, na muda wa kupiga ni kama nusu saa tu. Angalia pia mwezi: awamu ya alfajiri ilibahatika, kwani mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 2 Oktoba, ila ule mpevu wa tarehe 17 ulizifisha picha nyingi za jioni. Umeme ukikatika mtaani wakati huo, kwa mara moja usilalamike.

Kamera iwe kwenye stendi. Kama huna, laza simu juu ya mfuko wa mchele, ikae imara, na utumie taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800 au 1600, anza kwa kuiacha ipokee mwanga sekunde 4, kisha ongeza taratibu. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi ya milimita 50 ukizidisha sekunde 10 nyota huanza kuwa vistari. Usiiachie kamera itafute fokasi yenyewe, gizani itahangaika bure. Elekeza kwenye Zuhura au nyota yoyote inayong'aa, kuza kwenye skrini, zungusha pete ya lenzi mpaka nukta iwe ndogo kabisa. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje Pwani, lenzi itafunikwa na mvuke papo hapo. Itoe kamera mapema, ikiwa bado mfukoni, izoee joto.

Usipige picha moja. Piga 30 au 40 mfululizo, kisha uziunganishe kwa programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker. Chenga za picha hupungua na mkia hafifu hujitokeza. Hapa kuna jambo linalowachanganya wanaoanza: nyotamkia nayo inatembea kati ya nyota, kwa hiyo ukizipanga picha kwa kufuata nyota, kichwa chake kinafifia na kuvurugika. Zipange kwa kufuata kichwa, nyota ziache zivutike. Picha ya namna hiyo itaonyesha zaidi ya macho yako, na sioni udanganyifu wowote hapo, mradi useme ulivyoitengeneza.

Ukiitazama vizuri utaona mikia miwili. Wa vumbi ni mpana, mweupe wa manjano, na umepinda. Wa gesi ni mwembamba, wa buluu, umenyooka, kwa kuwa upepo wa Jua ndio unaousukuma. Yote miwili huelekea upande usio na Jua, na hicho ndicho kipimo cha haraka cha picha unazotumiwa. Jioni, Jua likiwa limezama chini ya upeo, mkia lazima uelekee juu. Ukiona "nyotamkia" ya machweo inayoporomoka kichwa chini na mkia juu, inaweza kuwa ya kweli. Ikiwa kichwa kiko juu na mkia unaning'inia kuelekea Jua, mara nyingi ni moshi wa ndege uliopigwa na miale ya mwisho. Kuna wakati mkia mwingine huonekana kana kwamba unaelekea Jua, kama ilivyotokea tarehe 14 Oktoba 2024 Dunia ilipokatiza usawa wa njia ya nyotamkia ile, ila huo ni mstari mwembamba sana.

Alfajiri, acha kupiga kabla Jua halijachomoza, na usitazame upande huo kwa darubini ya mikono hata kidogo.

Picha ya uani inaweza kumfaa mtafiti, kwa sababu mkia wa gesi hubadilika ndani ya saa chache na hakuna kituo kimoja kinachouona mchana na usiku. Mwaustralia Terry Lovejoy, ambaye astronomia si kazi yake ya kuajiriwa, aligundua nyotamkia mwaka 2007 kwa kamera ya kawaida ya dukani. Hifadhidata ya COBS iliyoko Slovenia hupokea makadirio ya mng'ao kutoka kwa wapenzi wa anga duniani kote. Wao hutumia UTC, yaani saa za kimataifa, kwa hiyo toa saa 3 kwenye saa za Afrika Mashariki, na uwe mwangalifu na saa za Kiswahili: saa 11:10 alfajiri ni 05:10, na kwa UTC ni 02:10. Andika hiyo, mahali ulipo, lenzi na sekunde ulizotumia, na faili la asili usilifute hata baada ya kuipamba nakala yake.