Kituo cha kuokoa wanyama si jalala la mbwa

Asubuhi nyingi tukifungua geti tunakuta kiroba. Ndani mna vitoto vya paka, au mbwa mdogo aliyefungwa kamba shingoni mpaka ikazama kwenye nyama. Aliyewaleta usiku anaamini kituo hakikosi nafasi. Nafasi hakuna. Banda likijaa leo, anayegongwa na bodaboda kesho anakosa pa kulazwa. Kazi yetu kubwa iko nje ya geti, mitaani: chanjo na kuhasi. Huko tunakutana na dhana nyingi potofu; hizi hapa baadhi.

"Dawa ya kichaa cha mbwa ni kuwaua wanaozurura."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inaua mbwa na bado haiwaokoi watu. Ukiwamaliza mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia kufuata mabaki yale yale. Tena sumu haichagui. Inawaua hata waliochanjwa, ambao ndio ngao ya watoto wetu. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Tazama Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Mbwa wakachanjwa upya, na kufikia 2018 ukaondoka tena. Kilichofanya kazi mara zote mbili ni sindano.

Ukiumwa na mbwa, hata wa jirani unayemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

"Jike lazima azae walau mara moja kabla ya kufungwa kizazi."

Si kweli. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huibeba kwa siku 65 hivi. Kumfunga mapema kunampunguzia uvimbe wa saratani kwenye matiti na kunamkinga na usaha wa mji wa mimba, ugonjwa unaotuletea majike walio mahututi.

Paka wa sokoni tukishamfunga kizazi tunamrudisha pale pale tulipomkamata. Ukimwona ncha ya sikio moja imekatika, usidhani ameteswa. Hukatwa akiwa bado kwenye nusukaputi, ili atakayemkamata siku nyingine asimpasue tena bure.

"Mbwa ni najisi, kumhudumia ni mambo ya Wazungu."

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya twahara, si ruhusa ya kumpiga mawe. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Wenzangu kadhaa hapa kituoni hubadili nguo kabla ya Adhuhuri, wakaoga, wakasali, kisha wakarudi mabandani.

"Ukitaka mnyama, unakuja kuchagua na kuondoka naye."

Tunauliza kwanza: uzio upo? Ukisafiri, nani atamlisha? Mwenye nyumba ameridhia? Wengine huudhika, lakini mnyama akirudishwa anarudi na hofu mpya.

"Mbwa koko hafundishiki."

Tulikuwa na jike wa rangi ya kahawia aliyejikojolea kila alipoona fagio. Kwa majuma matatu tuliokota uchafu wa banda lake kwa mikono. Mama mmoja alikuja mara nne, akawa anakaa chini mlangoni, kimya, akimenya karanga. Mara ya nne yule mbwa alitoka kwenye kona yake, akaja kunusa mkono wake.

Wakaondoka pamoja jioni ile.