Kujitolea kusaidia watoto si kazi ya asiye na kazi

Hapa Ngamiani, Tanga, mstaafu akifundisha watoto kusoma bila malipo, husemwa: “Hana shughuli huyo, anajichosha bure.” Sivyo.

Huko Baltimore, Marekani, watu wa miaka 60 na zaidi walijitolea saa 15 kwa wiki kwenye shule za msingi. Watafiti waliona wanajishughulisha zaidi kimwili na wamepata watu zaidi wa kuwakimbilia wakihitaji msaada. Utafiti mdogo wa mwaka 2009 ulipima wanawake wachache waliojitolea hivyo: baada ya miezi 6, sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia umakini, ilichangamka zaidi.

Kwangu hilo halishangazi. Kukumbuka majina ya watoto 20 na kuamua ugomvi wao ni mazoezi ambayo barazani huyapati. Tena ukipita sokoni, unasikia: “Shikamoo, mwalimu!”