Mshipa wa shingo umebana tena: lazima kisu kirudi?

Maswali haya ni ya binti wa Wete. Baba yake alipasuliwa mshipa mkuu wa shingo, ule unaopeleka damu ubongoni, mwaka jana, na ultrasaundi sasa inaonesha umebana tena.

Kwani mara ile hawakuusafisha vizuri?

Waliusafisha. Lakini mshipa uliochanwa na kukwanguliwa mafuta huota kovu, kama ngozi. Kubana ndani ya miaka 2 ya mwanzo mara nyingi ni kovu hilo: laini, halimeguki ovyo. Kunakokuja baadaye kwa kawaida ni mafuta mapya, na hayo ndiyo humeguka, kipande kikapanda ubongoni kikaleta kiharusi.

Basi lazima afunguliwe?

Hata. Asiye na dalili, tena mshipa haujabana sana, huachiwa dawa na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Lakini mkono ukilegea, mdomo ukienda upande, au jicho moja likifunga giza hata kwa dakika chache, usingoje kesho: hospitali saa ile ile.

Na bila kisu?

Hutobolewa tundu dogo kinenani au mkononi, kwa ganzi tu. Mzee yu macho. Mrija mwembamba hupitishwa hadi shingoni, daktari akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Mbele hutangulizwa kichujio, mfano wa kile cha chai, kudaka vipande. Puto hutanua pembamba, kisha huachwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma. Kwa aliyekwisha kupasuliwa hii ina nafuu yake: kisu cha pili hupita kwenye kovu lililoshikana na mishipa ya fahamu, na sauti inaweza kubaki ya kukwaruza. Ila stenti nayo huweza kuleta kiharusi papo hapo, zaidi kwa waliopita miaka 70. Muulizeni daktari waziwazi.

Ramadhani je, na vidonge?

Aspirini na klopidogreli, vidonge vya kuzuia damu isigande, humezwa pamoja kwa wiki 4 au zaidi, kisha kimoja huendelea. Kila kimoja ni mara moja kwa siku, kwa hiyo baada ya futari panatosha. Mwambieni daktari kabla mwezi haujaandama. Wanaoniudhi ni wanaoacha kwa kuwa “nishapoa”. Damu huganda ndani ya stenti.

Shangazi anataka kumkanda shingo kwa mafuta ya karafuu.

Karafuu haina kosa, kosa ni vidole: vikikaza pale huweza kumegua mafuta mshipani. Amkande miguu.