Kibali cha ujenzi: kinaruhusu nini, na hakiruhusu nini

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya maandishi ya kujenga jengo lililochorwa, juu ya kiwanja kilichotajwa, kwa matumizi yaliyoombwa. Ukisogeza jengo, ukiongeza ghorofa au ukageuza nyumba ya kuishi kuwa safu ya maduka, ile ruhusa ya mwanzo haikufai tena. Unatakiwa kuomba nyengine.

Huku Pemba wengi wanakichanganya kibali na haki ya ardhi, na hapo ndipo watu wanapopoteza akiba zao. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyowekwa chini ya dhamana ya Rais. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992 humpa mtu haki ya kuitumia, na haki hiyo ina masharti yake. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Kipande kilichomegwa humo na kuuzwa kwa karatasi ya mkono, hata wakiwepo mashahidi kumi, hakigeuki kiwanja cha kujengea eti kwa vile tu pesa zimeshalipwa. Tena kwetu mtu anaweza kumiliki mikarafuu au minazi bila ya kuwa na haki juu ya ardhi ilipopandwa. Aliyenunua miti amenunua miti.

Mirathi nayo inataka uangalifu. Mzee amefariki, ameacha nyumba na uwanja mkubwa nyuma yake, na mtoto mmoja anaona bora ajenge uwani maana ndugu zake wako Unguja na Dar es Salaam. Madhali mirathi haijagawiwa, uwanja ule ni wa warithi wote, wakiwemo dada zake ambao mara nyingi ndio wanaosahauliwa. Akiomba kibali kwa jina lake peke yake, pingamizi la ndugu mmoja linatosha kuyakwamisha maombi. Kwanza mirathi igawiwe na kila mtu ajue fungu lake, kisha ramani ichorwe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nyumba inaweza kubomolewa ikajengwa tena, lakini ndugu waliokwisha kushitakiana hawapatani kwa wepesi.

Maombi hupelekwa kwenye mamlaka ya eneo lako. Chake Chake, Wete na Mkoani kila mmoja una baraza lake la mji, na Micheweni ina halmashauri. Wataalamu wa ardhi na mipango miji nao huhusishwa. Safari yenyewe huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yako, kwa kuwa ndiye anayekujua wewe, majirani zako na mipaka ya shehia yake. Barua ya sheha inakutambulisha tu, si kibali. Wapo wanaoipata barua ile leo na kesho wakawaita mafundi wachimbe msingi, wakiamini mambo yamekwisha, kumbe hata ramani yao haijatazamwa na mtu.

Katika ramani, wengi hukimbilia kuangalia vyumba na sura ya mbele. Mimi namshauri mtu aanze na mchoro wa kiwanja, ule unaoonesha jengo likiwa ndani ya mipaka yake. Hapo panaonekana umbali wa ukuta wako na wa jirani, njia inayobaki, mahali pa karo la choo, na maji ya paa yatakakomwagikia. Miji yetu imekaa juu ya vilima na mabonde, kwa hiyo jambo hili si la karatasi tu. Karo likichimbwa upande wa juu wa kisima cha jirani, uchafu unateremka kwake. Paa likitokeza hadi mpakani, mvua za masika zitakula msingi wa mwenzio. Na uchochoro ukizibwa, gari la zimamoto halipiti, na hata jeneza linatolewa kwa taabu. Mkaguzi anayekwambia usogeze ukuta ndani hakuonei. Anamlinda aliye upande wa pili, na siku jirani naye akitaka kujenga, utalindwa wewe.

Kwa Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kuna mamlaka maalumu ya hifadhi, na hata matengenezo ya nyumba iliyopo yana taratibu zake. Miradi mikubwa kama hoteli za ufukweni huangaliwa pia kwa upande wa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Na. 3 ya 2015.

Omba kabla hujachimba msingi. Ukiombea jengo lililokwisha simama, kila kasoro itakayoonekana ni ukuta wa kuvunja, na mamlaka ina uwezo wa kukusimamisha kazi. Kabla hujalipa ada, uliza ni kiasi gani, na udai risiti ya serikali. Ukishapewa kibali, soma masharti yaliyoandikwa, pamoja na muda wa kuanza na kumaliza kazi, kwani kibali huwa na ukomo. Mpe fundi mkuu nakala ya kibali na ya ramani iliyopitishwa, zikae pale kwenye kazi, ili akitaka kuhamisha karo au kusogeza ukuta ajue kwamba hana ruhusa hiyo, na wewe pia huna, mpaka muirudishe ramani ikapitishwe upya.