STOMPI ni nini? Jinsi sentensi ya Kiafrikaans inavyopangwa

Mtoto wa Afrika Kusini anayesoma Kiafrikaans kama lugha ya pili shuleni lazima atakutana na hiki kitu kinaitwa STOMPI, na mtu mzima aliyehamia Cape Town au Windhoek akianza kujifunza atakutana nacho pia. Ni herufi za kukumbushia mpangilio wa maneno kwenye sentensi. S ni subjek yani mtenda, T ni tyd yani wakati, O ni objek ile kitu inayotendwa, M ni manier yani namna, P ni plek yani mahali, I ni infinitief yani kile kipande cha "om te" (kama "ili kusoma") kinachokaa mwisho kabisa. Ndo mpangilio huo, ukiuvuruga wanakuelewa ila wanajua papo hapo wewe mgeni.

Sasa shida ya STOMPI ni kwamba haikuonyeshi vitenzi viko wapi, na vitenzi ndo uti wa mgongo wa lugha yote hii. Vinakuwa viwili mara nyingi. Cha kwanza kinakaa nafasi ya pili baada ya S, cha pili kinatupwa huko mwisho baada ya P. Chukua hii:

Sy het gister die brief stadig in die kamer gelees.

Yani neno kwa neno ni yeye, "het" ya wakati uliopita, jana, ile barua, polepole, chumbani, alafu ndo "soma" inakuja. Sisi tungesema jana aliisoma ile barua polepole chumbani na mambo yote ya nani, lini, nini yamebanwa ndani ya neno moja, "aliisoma". Wao wameyatawanya, unasikiliza sentensi nzima hujui huyu mama barua ameisoma, ameichana au ameichoma mpaka neno la mwisho litoke. Ndo maana ukiongea nao usikate mtu katikati, hajafika bado!

Ifikirie kama daladala. Dereva, yani kitenzi cha kwanza, yuko kwenye usukani haondoki, konda, yani kitenzi cha pili, yuko mlangoni nyuma, abiria wao wanaweza kupishana viti. Ukitaka kuanza na jana, ruksa, ila "het" haisogei, mtenda ndo anahamia nyuma yake:

Gister het sy die brief stadig in die kamer gelees.

Ukitaka kuanza na chumbani pia sawa, In die kamer het sy gister die brief stadig gelees. Angalia "het" iko palepale nafasi ya pili, na "gelees" iko palepale mwisho. Hapa ndo waswahili wengi tunaanguka kwa sababu sisi "jana" tunaiweka popote na hamna kinachobadilika, kwa hiyo mtu anasema Gister sy het..., kosa la kawaida sana. Wakati ujao ni hivohivo, Sy sal môre die brief lees. Na ukiuliza swali la ndiyo au hapana kitenzi kinaruka mbele kabisa: Het sy die brief gelees?

Cha kufurahisha ni kwamba kitenzi chenyewe hakibadiliki kufuata mtu. Ek lees, jy lees, sy lees, ons lees, hulle lees, basi. Hamna ni-, u-, a-, tu-, wa-, hamna ngeli, kila nomino inabeba "die" hiyohiyo iwe moja iwe mia. Mpangilio walirithi kwa Kiholanzi cha wale waliofika Cape 1652, ila minyambuliko ilipukutika baada ya lugha kupita midomoni mwa Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, na watumwa walioletwa kutoka Asia na sehemu nyingine za Afrika. Tena karne ya 19 Waislamu wa Cape walikuwa wanaiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wanaandika Kiswahili kule Lamu. Na ile "g" yao inatoka kooni kama "kh" ya kheri, kwa hiyo kwenye matamshi mtu wa pwani ameshaanza mbele.

Kukanusha kuna "nie" mbili. Ya kwanza inakanusha, ya pili inafunga sentensi: Sy het nie die brief gelees nie. Ila kama sentensi ni fupi na "nie" ya kwanza tayari ndo neno la mwisho basi inatosha moja, Ek weet nie, sijui. Ukiirefusha inarudi: Ek weet nie waar sy is nie. Hii nie ya pili ilitoka wapi wataalamu bado wanabishana, we itie tu.

Kilichobaki ni maneno ya kuunganisha na hapa kuna mtego. "Want" na "omdat" zote ni kwa sababu. Ukitumia "want" mpangilio unabaki kama kawaida, want sy het die brief gelees. Ukitumia "omdat" vitenzi vyote vinaenda mwisho, omdat sy die brief gelees het. "Dat" nayo ni hivohivo: Ek weet dat sy gister die brief gelees het, yani dereva na konda wote wako nyuma. Ila kwenye maongezi watu wanaiacha "dat" sana tu, na ukishaiacha "het" inarudi kwenye kiti chake: Ek weet sy het gister die brief gelees. Kwa hiyo kama unaongea na mtu sokoni iache dat, tumia want, utaenda vizuri. Kama ni mtihani hapo hamna ujanja, omdat na dat watakuuliza tu.