Kufanya kazi nyingi kwa mpigo si kurukaruka

Maana yenyewe ya kufanya kazi nyingi kwa mpigo, yaani "multitasking" kwa Kiingereza, haina utata: ni kuendesha kazi mbili au zaidi ndani ya muda uleule. Basi. Tatizo ni hawa wanaojisifu nayo kila msimu wa Bunge la bajeti, ilhali wanachofanya ni kuruka kutoka kazi hii kwenda ile.

Msemo huu wa Kiingereza ulitoka kwenye kompyuta. Miaka ya 1960, wakati wa mitambo ya IBM System/360, wahandisi waliutumia kuelezea mfumo unaobeba kazi kadhaa kwa pamoja. Na hata huko ni kiinimacho: prosesa moja, yaani "ubongo" wa kompyuta, haifanyi mawili kwa wakati mmoja. Inaigusa hii, inaiacha, inaigusa ile, kwa kasi ambayo wewe huioni. Ila kabla ya kuiacha kazi, mfumo huhifadhi mahali halisi ulipofikia na kila namba iliyokuwa ikishughulikiwa. Zamu ikirudi, inaendelea palepale.

Binadamu hana hifadhi hiyo. Mtazame afisa wa bajeti pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali Dodoma, mwezi Mei: Excel iko wazi, simu inawaka pembeni ya kibodi, kikundi cha idara kinadai jibu la swali la mbunge kabla ya saa nane. Anajibu. Akirudi kwenye jedwali, kidole kinatembea juu ya kioo: "Nilikuwa Bahi au Manyoni?" Fedha za wilaya ya Manyoni zinaingia mstari wa wilaya ya Bahi, na jumla ya chini inagoma hadi jioni. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba ukihama kazi, hasa ambayo hujaimaliza, sehemu ya umakini hubaki kulekule ulikotoka.

Kupiga pasi huku unasikiliza taarifa ya habari, sawa, huo ni mpigo mmoja kweli; mikono imeshazoea. Hesabu na WhatsApp zinagombea akili ileile.

Kwa hiyo mkuu akipiga simu, pokea umwambie, "Nipe dakika moja, bosi," uandike kwenye karatasi: "nimeishia Bahi, mafuta ya magari, bado posho." Ndipo umsikilize. Nanyi mnaoandaa matangazo ya kazi, mkitaka mtu wa kufanya kazi nyingi kwa mpigo, andikeni tu "awe na uwezo wa kurudi kwenye kazi yake baada ya kukatizwa". Waombaji watawaelewa.