Je, wajua kwa nini Kenya inaaminiwa kushika pesa za watu kwa simu na pia kuwapatanisha wanaopigana?

Ukitaja Kenya kwa watu wa teknolojia watakuambia M-Pesa, ukitaja kwa wanaofuatilia siasa za kanda hii watakuambia Naivasha, mji wa Kenya yalikofanyika mazungumzo ya amani ya Sudan, lakini wachache sana huyaweka hayo mawili meza moja. Mimi naona yanatoka shina moja: kukubaliwa na watu wasiojuana au wasioaminiana kwamba wewe ndo utakaa katikati. Ni kama mzee wa kijiji anayewekewa amana na ndugu wawili wenye kesi ya shamba, kila mmoja ana wasiwasi na mwenzake lakini kwa mzee wote wanaacha.

Tuanze na pesa. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, na kumbe wazo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Majaribio yalianza 2005 pamoja na Faulu, shirika la mikopo midogo, ili wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Sasa watu wakaanza kuitumia wanavyotaka wenyewe, huyu anamtumia mwenzake, yule anaweka pesa mji mmoja anaitoa akifika mji mwingine, mpaka kampuni ikaona heri iwape kile wanachokitaka, yani kutuma pesa nyumbani.

Inafanyaje kazi? Ukimpa wakala shilingi 1,000, yeye anakuhamishia salio kutoka kwa floti yake, yani salio lake la kazi, ambalo alililipia kabla hujafika. Na kila shilingi unayoiona kwa simu ina shilingi halisi iliyokaa kwenye akaunti ya amana katika benki za kawaida, chini ya wadhamini, na Safaricom hairuhusiwi kuikopesha wala kuendeshea biashara yake. Hapo ndipo penye siri yote. Benki Kuu iliruhusu huduma ianze wakati hata sheria ya malipo hakuna (ilikuja 2011), na mwisho wa 2008 presha ilipopanda kutoka kwa mabenki, Wizara ya Fedha ikaagiza ikaguliwe, ikaonekana iko salama, kazi ikaendelea.

Lakini kuna miezi miwili watu huisahau. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilishika moto, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, mtu yuko Kibera, mtaa wa Nairobi, hawezi kutoka nje na watu wake wako mbali wanalia naye kwa simu. Hapo ndo wengi walijifunza M-Pesa, wakatumiwa pesa na kredo ya kupigia simu mahali ambapo basi halingeweza kufika, na kulikuwa na watu walioona pesa yao iko salama zaidi kwa simu kuliko kwenye benki inayosemwa ni ya kabila fulani. Hebu fikiria uzito wa hilo: majirani hawaaminiani, lakini ujumbe wa kuthibitisha malipo bado unaaminika. Mwaka 2006 watu wazima waliokuwa na huduma rasmi za kifedha Kenya walikuwa asilimia 26.7, na kufikia 2024 walikuwa asilimia 84.8.

Na nani aliizima hiyo vita? Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Graça Machel wa Msumbiji na mzee Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, walikaa Nairobi wiki kadhaa wakisukumana na pande zote mbili mpaka Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wakatia saini makubaliano ya kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008. Kwa hiyo Kenya inajua kupatanisha na pia inajua kupatanishwa, na hilo mimi huliheshimu sana kwa sababu nchi iliyowahi kuokolewa na majirani inaelewa vile aliyekaa upande wa pili wa meza anaumia.

Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeshafanya kazi kubwa. Vita vya Sudan vilivyoanza 1983 viliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 2, na aliyeshika usukani wa mazungumzo ni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mwanajeshi wa Kenya, chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Ilianza na makubaliano ya Machakos Julai 2002, halafu kule Naivasha John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakakaa ana kwa ana miezi na miezi, na mkataba wa mwisho ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mkataba huo ndo uliozaa kura ya maoni ya 2011 na nchi ya Sudan Kusini. Wasomali nao walizungumza Eldoret kisha Mbagathi, na serikali yao ya mpito iliundwa Kenya 2004 hata kabla haijaweza kurudi kwao.

Mbona waende Kenya? Sababu nyingi ni za kawaida kabisa: ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Gigiri, Nairobi, ndege ziko, misaada ya kusini mwa Sudan ilikuwa inapitia Lokichogio karibu na mpaka, na viongozi wa waasi wengi walikuwa na familia zao Nairobi, watoto wanasoma huko. Mtu anakaa mezani kwa utulivu akijua watu wake wako karibu.

Ila kukaa katikati ni kitu cha kulindwa kila siku, na hapa naumia kidogo kusema. Februari 2025 RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, liliachwa likusanyike Nairobi na washirika wake wakasaini hati ya kuunda serikali yao. Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani, halafu mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa, maana ukishamkaribisha mmoja hivyo, yule mwingine hatakuja tena kwako kuzungumza, hata ukimwita kwa nia njema.

Upande wa pesa nao una mtihani wake. Februari 2024 FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa pesa, liliiweka Kenya kwenye orodha ya kijivu, yani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na mwaka 2025 Kenya ikapitisha sheria ya kusimamia sarafu za kidijitali. Swali ambalo mimi naliangalia ni moja tu: hizo kampuni mpya za sarafu za kidijitali zitalazimishwa kutenga pesa ya mteja na pesa yao, shilingi kwa shilingi, kama M-Pesa ilivyobanwa tangu siku ya kwanza?